Majani ya Chai Ndani ya Fidla

Nikiwasimulia hii uso bado unaniwaka, na msicheke sana maana kuna mtu alikuwa anazikwa. Mimi ndiye yule wa Kapkatet anayepiga nyimbo za Kiayalandi na fidla kwenye harusi (wazee walishazoea, siku hizi wanacheza tu), na kazi hiyo nilifunzwa na Mzee Donal, mwalimu wa hesabu aliyekuja kutoka Ayalandi kwa miaka miwili tu, akakaa hapa hadi uzee. Kila Jumapili alinikalisha barazani kwake akinifunza kwa sikio, na kabla hajafa aliniomba kitu kimoja tu, nimpigie wimbo wa polepole wa kijijini kwao akishushwa kaburini.

Sasa, mvua yetu mnaijua. Wiki hiyo ya matanga ilinyesha kila mchana, fidla ikaingia unyevu hadi sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Mzee alikuwa amenionya mara nyingi: "Kausha polepole, ndani ya nguo. Gundi inayoishika ni ya ngozi ya mnyama, inaogopa moto." Lakini mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha chai, pale majani mabichi yananyaushwa kwa upepo wa moto, na asubuhi ya mazishi nikajiambia nusu saa tu, nani atajua, nikailaza juu ya majani, halafu lori likaingia, nikaitwa kupakua, nusu saa ikawa masaa matatu. Ilitoka imekauka, hata nikajisifu.

Kaburini, dada yake Mzee, mama aliyesafiri kutoka kwao, aliinua simu ili ndugu waliobaki huko waone. Jeneza likaanza kushuka, nikavuta uta, nyuzi zikalegea, nikakaza, zikalegea tena, nikakaza kwa hasira, na kifua cha fidla kikaachana na mbavu zake, kile kijiti kinachobeba nyuzi kikaruka hadi kwenye jeneza, na majani ya chai yaliyokuwa yamepenya ndani kwa matundu yake yakamwagika juu ya viatu vya pasta. Vijana huko nyuma wakacheka. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuyaokota, moja moja (sijui nilitaka kuyapeleka wapi).

Pasta akaniinamia. "Si uimbe tu na mdomo? Huyu mzee alikungojea wewe."

Wimbo naujua wote. Nilifungua mdomo, nikaona aibu, nikatikisa kichwa na kurudi kwenye majani yangu.

"Haya, tuendelee na programu," akasema, na udongo ukaanza kuingia. Yule dada akashusha simu.

Fidla ilibandikwa na fundi wa viti pale sokoni, na inalia vizuri kuliko zamani, jambo ambalo linaniuma zaidi. Nimeapa haitakaribia moto tena. Nimeapa pia kwamba siku kitu kikinivunjikia mikononi nitaimba, hata na hii sauti yangu ya chura. Lakini Mzee Donal hatazikwa mara ya pili, na mara ile moja nilikuwa chini naokota majani.