Kipande cha Kitenge cha Kuku Wenye Saa

Jumatano, tarehe 22. Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umelala juu ya ziwa, mashua zinasikika lakini hazionekani.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu asubuhi ile kabla sijatoka. Mengine yote sikuyaandika, kwa aibu. Leo nayaandika hapa, mnihukumu ninyi msionijua.

Niliiba. Naanza na hilo ili msije mkanihurumia mapema.

Jina langu nalihifadhi. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, niko Kasingirima hapa Ujiji. Nimesoma hadi la saba, kwa hiyo mkikuta nimeandika ovyo mnisamehe. Na yule niliyemkosea nitamwita Salome, ingawa si jina lake.

Kwanza mjue udhaifu wangu. Napenda vitu vya ajabu ajabu! Wenzangu wanapenda dhahabu, mimi nikiona kitu ambacho aliyekitengeneza sijui alikuwa anawaza nini, moyo unaruka. Kibandani kwangu nina rafu yake. Kuna redio yenye umbo la kiatu. Kuna kijiko chenye filimbi mwishoni, sijui ni cha kumwita nani aje kula. Kuna kalamu yenye maji ndani na kimashua kinachoteleza ukiiinamisha. Vingi vimetoka ng'ambo ya ziwa. Mume wangu anaiita rafu hiyo hospitali ya vichaa.

Basi miezi minne iliyopita akaingia Salome. Mnajua wenyewe hali ilivyo huku kwetu, mashua zinafika kutoka ng'ambo kila siku, watu wanashuka na walichofunga kichwani tu. Yeye alishuka na kitenge, yadi tatu, amekivaa tumboni chini ya nguo. Gauni lake lilikuwa limechanika mgongoni. Alitaka nimshonee blauzi na sketi kabla hawajapelekwa kambini.

Akakikunjua juu ya meza yangu. Jamani!

Kitambaa cha zambarau, kimejaa kuku wa njano. Na kila kuku amevaa saa ya mkononi. Mguuni! Saa yenye mkanda na kifungo chake, imechorwa hadi mishale, na saa zote ni nne na dakika kumi. Niliwakagua kuku wote, hakuna hata mmoja aliyechelewa.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Salome naye akacheka, akaniambia habari yake. Kule kwao, mji wa Baraka ng'ambo ya ziwa, kitenge hicho kilikaa dukani zaidi ya mwaka. Kila mwanamke alikuwa anakishika, anacheka, anakirudisha. Mwenye duka akakichoka. Ndipo Salome na mdogo wake wakakinunua pisi nzima kwa mzaha, wakakata katikati, yadi tatu kila mmoja. Siku ya kukimbia mdogo wake alipanda mashua nyingine. Alikuwa amekivaa chake. Tangu hapo hajamwona.

"Hakuna mwingine duniani mwenye kuku hawa," alisema. "Mi na yeye tu. Kwa hiyo, yaya, vipande vinavyobaki unirudishie vyote. Hata cha ukubwa wa kiganja."

Kule kwao yaya ni dada mkubwa. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, na sikustahili.

Sasa mnielewe kazi yetu, si kwa kujitetea. Kipande kinachobaki huwa ni cha fundi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini ndivyo ilivyo tangu nilipofundishwa, na wateja wanajua, wananyamaza. Isitoshe, kitambaa chenye viumbe hakigeuzwi. Ukilaza upande mmoja vizuri, upande mwingine kuku wanasimama kichwa chini. Kwa hiyo kinapotea kitambaa kingi, na mteja hawezi kujua kimepotea kiasi gani.

Lakini Salome aliomba kwa mdomo wake. Aliyeomba si sawa na aliyenyamaza. Hilo nalijua, na siku ile nililijua.

Nilipomaliza kukata kilibaki kipande kizuri, urefu wa mkono wangu, chenye kuku sita wazima. Nikakitia chini ya mto wa kiti. Alipokuja kuchukua nguo zake akauliza, "Vipande haiko?"

Nikamwambia, "Haiko." Nikamjibu kwa Kiswahili chake, yaani hadi lugha nilimwibia!

Akavaa nguo zake, zikamkaa vizuri sana, hilo niseme maana nalo ni kweli. Malipo yalikuwa mche wa sabuni. Akashukuru, akaenda.

Kile kipande nikakishona mkoba mdogo wa kutia begani, kuku watatu mbele, watatu nyuma. Nia yangu ilikuwa niuweke kwenye rafu. Lakini wifi yangu wa kijiji cha Simbo alikuja kututembelea, akauona, akaukumbatia, akakataa kuuachia. Nikampa. Wifi hakuwa na kosa lolote, hakujua habari ya Salome. Nikajiambia, umekwenda Simbo, umefika mbali, yameisha.

Yangekuwa yameisha, msingesoma haya.

Jumanne jioni, tarehe 21, Salome akaja mbio kibandani. Uso wake ulikuwa unang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Jirani yake, mkimbizi mwenzake, alikuwa amekwenda gulio la Simbo kubadilisha sabuni kwa unga, na kwenye watu wengi akamwona mwanamke mwenye kuku wa saa. Hakuwahi kumfikia, lakini kuku aliwaona kwa macho yake.

"Ni mdogo wangu," Salome alisema. "Yuko Simbo. Yaya, unisindikize kesho, wewe unawajua watu wa kule."

Mimi nilikuwa nimeshika pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, polepole, ili nipate nafasi ya kufikiri, na zilipoisha nikasema, "Sawa, twende."

Sawa! Neno gani lile! Kulikuwa na maneno mengine tele.

Na kuna jambo ambalo sikulijua hadi tumeshafika njiani. Jumatano hiyo ndiyo lori lao lilikuwa linaondoka kwenda kambini. Watu wa mtaa wake kule Baraka wote walikuwa kwenye orodha ya siku ile, wakae pamoja, viwanja vyao vifuatane. Salome aliliacha lori liende. Aliniambia hivyo akicheka, kwamba atawafuata watu wake kambini akiwa na mdogo wake.

Hapo ndipo iliponipasa nisimame barabarani nitubu. Tulikuwa bado karibu na mjini, pengine lori angeliwahi. Pengine asingeliwahi, siwezi kuapa. Lakini sikumpa hata nafasi ya kujaribu.

Badala yake nikaanza habari ya mihogo. Nilimwonyesha mashamba. Nilimweleza mihogo michungu na mitamu, jinsi ya kuiloweka, majani yanavyougua. Kila nilipofungua mdomo kusema lile la kweli, lilitoka lingine la mihogo! Yeye alinisikiliza kwa adabu. Amevaa blauzi ile ya kuku, ameifua, ili mdogo wake amtambue kwa mbali.

Wifi tulimkuta uani kwake. Nilikuwa nimejipangia kwamba tukifika nitamvuta pembeni kwanza. Sikuwahi. Salome alimwamkia, wakaamkiana vizuri, na wifi akamtazama kifuani akapiga makofi.

"Kumbe na wewe unao kuku wangu," alisema, akaingia ndani, akatoka na mkoba.

Salome aliushika kwa mikono miwili. Akauliza kwa sauti ndogo aliyempa huu mkoba yuko wapi.

Wifi akacheka, akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa? Fundi wako ndiye aliyenishonea. Hakukuambia?"

Nimeshasikia watu wakisema ardhi ipasuke iwameze. Mimi niliomba hata shimo la kutosha miguu tu.

Salome hakupiga kelele. Aliupindua mkoba ndani nje, akatazama mshono, kisha akatazama mshono wa kwapa la blauzi yake. Uzi ni ule ule.

"Ulijua tangu jana," alisema.

"Nilijua."

"Tumetembea asubuhi nzima. Umeniambia mihogo."

 Wifi akaelewa kwamba amekanyaga mahali pabaya, akaenda kuleta maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Salome alikaa kwenye kigoda. Nilitarajia alie, nikatamani alie, maana ningejua la kufanya. Hakulia. Akasema, kama mtu anayepanga mambo ya nyumbani, "Kwa hiyo Simbo hayuko. Haya. Simbo hayuko."

Nikapiga magoti. Nikasema yote, la kiti, la mto, la "haiko". Akaniambia ninyanyuke, kuna matope. Akamwomba wifi wembe, akapewa, akaanza kuufumua mkoba pale pale, uzi mmoja mmoja, kwa utaratibu kuliko nilivyoushona. Wifi akamwachia mkoba. Kilipobaki kitambaa tupu chenye matundu ya sindano, akakikung'uta, akanipa mimi.

Nilishangaa. Nikamwambia ni chake.

"Ni changu," alisema. "Ndiyo maana nakuambia. Utakitundika mlangoni kwako, kinakoonekana kutoka njiani. Usikishone tena. Mi nakwenda kambini, sitaweza kusimama Ujiji kila siku. Kibanda chako kinaweza. Mtu wa Baraka akipita atacheka, atauliza. Mdogo wangu akipita hatacheka."

Kisha akaongeza, "Umeona jinsi kilivyonifikisha Simbo. Acha sasa kimfikishe na yeye."

Tulirudi Ujiji jioni. Njiani nilitembea nyuma yake. Yeye ndiye aliyeanza, akaniuliza ile mihogo michungu inalowekwa siku ngapi, maana huko aendako huenda akahitaji kujua.

Lori lingine liliondoka wiki iliyofuata, akapanda. Sitaki kuzidisha, hakupotea wala hakulala njaa. Lakini watu wa mtaa wake walikuwa wameshagawiwa viwanja, yeye akapewa upande wa mwisho kabisa, katikati ya watu asiowajua, na wengine hawasemi hata lugha yake. Hiyo ndiyo bei ya kipande changu, na mlipaji ni yeye.

Kitambaa kipo mlangoni hadi leo. Watu wanaingia, wanacheka, wanauliza kuku wanakimbilia wapi. Nawajibu wote, kila mmoja, kwa kirefu. Wengine wanaondoka wamechoka. Sijampata mdogo wake. Nimempata mzee mmoja aliyelikumbuka lile duka la Baraka, nikamtumia Salome salamu hizo kambini kwa mtu.

Kwa hiyo fundi mwenzangu unayesoma haya, tazama chini ya mto wa kiti chako. Mteja akikuambia rudisha, rudisha, hata uzi. Hujui kitambaa cha mtu kinafanya kazi gani kwake zaidi ya kumfunika. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, barabara ikiwa bado fupi. Mimi nilikuwa na asubuhi nzima!

Na wewe uliyeona mahali popote kitenge cha zambarau chenye kuku wa njano, saa mguuni, tafadhali mwambie aliyekivaa kwamba Ujiji, Kasingirima, kuna mlango wenye kuku kama hao.

Jumatano ile Salome alilala kwangu, lori lilikuwa limeshakwenda. Tulikula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, mimi, yeye na mume wangu, sahani moja. Mimi nilimega tonge moja, nikabaki nalo mkononi. Yeye alikula vizuri, akamchambua samaki hadi mifupani, akasogeza sahani akaomba nimwongezee mchuzi.