Jani la Mgomba Ndani ya Tangi

Mlango wa upande wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Nilijua hivyo tangu zamani, maana pikapu ile ilikuwa ya marehemu mume wangu kabla shemeji yangu hajainunua. Kila tulipofika kanisani mume wangu alizunguka kuja kunifungulia, na watu walidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini sababu hasa ilikuwa kitasa.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunamtoa dada yangu hospitalini Bukoba, tunamrudisha kwake Muleba. Madaktari walikuwa wametuambia kwa upole kwamba hakuna zaidi wanachoweza kufanya. Yeye aliomba jambo moja tu: afike nyumbani angali hai, akione kibanja chake cha migomba, na kama ni kufa afie kitandani pake. Shemeji, mumewe, alishika usukani. Dada tulimweka katikati, kichwa chake kikaegemea bega langu. Kila akisogezwa alilia kwa maumivu, kwa hiyo niliamua kutosogea mpaka tufike.

Kemondo tulipita salama. Kwenye mlima uliofuata gari likaanza kuishiwa nguvu, likapunguza, likatetemeka, likazima. Mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji akashuka, akafungua boneti.

"Ni hewa," akaniambia kupitia kioo. "Hewa imeingia kwenye dizeli."

Akalegeza nati juu ya filta, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, akakaza. Gari likawaka. Akarudi amelowa, anatabasamu.

"Umeona, shemeji? Unatembea na fundi."

"Asante, waitu, ndugu yangu. Twende."

Hatukufika mbali. Lilipozima mara ya pili akabadilisha filta, maana alibeba mpya chini ya kiti. Ile ya zamani aliimwaga kiganjani akanionyesha: haikuwa na uchafu wowote. Tukaondoka, na kilima kilichofuata kikatushinda vilevile.

Teksi moja ikasimama. Dereva wake, kijana mwenye moyo mzuri, akajitolea kumpeleka mgonjwa. Tulijaribu kumwinua. Dada alitoa sauti ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka, tukamrudisha begani pangu. Teksi ikaenda zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumefungwa. Mbele hatuendi, na kushuka hatuwezi. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya baridi ya mgonjwa, vikajaa ukungu hata migomba ya kando ya barabara sikuiona tena. Ndani kulinuka dizeli na dawa. Bega langu lilikufa ganzi. Nilichobaki nacho ni kusikiliza pumzi za dada, ambazo zilikuwa zinakuja, zinakawia, zinakuja tena. Niliomba kimoyomoyo. Kwa Mungu sikuwa na shaka, nilishukuru hata kwa bega lile kwamba lipo. Lakini dada alikuwa anafia barabarani na mimi nilikuwa nimekaa.

Dada akafumbua macho. "Mwambie apumzike kidogo," akanong'ona. "Atapata homa."

Shemeji akaingia, akakaa, maji yakimchuruzika. Baada ya muda akazungusha ufunguo bila matumaini yoyote. Gari likawaka.

Tulikuwa tunapanda tena nilipomuuliza, "Safari hii umetoa hewa?"

"Sikugusa kitu."

"Sasa hewa imetokaje?"

Gari lilipozima tena alikuwa bado anafikiri. Akashuka, nami nikashusha kioo upana wa vidole viwili.

"Shemeji, bonyeza ile pampu ya mkono, halafu iachie. Inarudi juu?"

Swali hilo sikulibuni. Mume wangu alipokuwa anawasha gari, kazi ya kubonyeza pampu ilikuwa yangu, na dole gumba langu linaikumbuka. Ukiibonyeza, inapaswa kurudi juu upesi.

"Hairudi," akaita. "Imebaki chini, kama kuna kitu kinaivuta."

"Basi inavuta dizeli na haipati. Kilichoziba kiko nyuma, kwenye tangi. Gari likizima, uvutaji unakwisha, chenyewe kinaachia. Ndiyo maana ukipumzika linawaka." Halafu nikakumbuka kumuuliza, "Mfuniko wa tangi upo?"

"Ulipotea miezi mingi iliyopita."

"Umeziba kwa kitu gani?"

"Kwa jani la mgomba. Lakini nilibabua vizuri motoni, shemeji. Lilikuwa laini kabisa!"

Sikuweza kumkasirikia. Ndivyo tunavyoziba sisi sote huku: kibuyu cha maziwa, chupa ya mafuta ya taa, dumu la juisi ya ndizi. Ila jani la kibuyu hubadilishwa lingali bichi. Lile la tangi lilikauka juani, likavunjika kwa mitikisiko, vipande vikaangukia ndani, naye kila alipojaza dizeli akaweka jipya.

"Miezi yote hiyo," nikasema, "umekuwa ukililisha gari mboga."

Nyuma kulikuwa na dumu la dizeli ya akiba na mpira wa kunyonyea. Akalifunga dumu juu ya paa kwa mipira ya kufungia mizigo, akateremsha ule mpira mpaka kwenye filta, akaliacha tangi pembeni kabisa. Kisha nikamsikia anakwenda kando ya barabara. Dada, ambaye nilidhani amelala, akafungua macho.

"Anakwenda kukata jani la kuzibia mdomo wa dumu," akasema. "Mzuie."

Alimjua mumewe. Nilipiga kelele kupitia ule upenyo, nikamtolea kitambaa changu cha kichwa, akazibia nacho bila kukaza sana ili hewa iingie. Dada alicheka. Kicheko kilimuuma, lakini alicheka.

Gari halikuzima tena. Tulikwenda polepole, boneti imefungwa kwa kamba kwa sababu ya ule mpira, na kila mlima nilibana pumzi. Tulifika kungali na mwanga. Shemeji alimpokea upande wake, ndugu na majirani wakaja mbio, wakambeba wote pamoja. Badala ya kumwingiza ndani wakamlaza kwanza kwenye mkeka barazani, kama alivyoagiza, akitazama kibanja. Aliishi mpaka Jumapili, akapokea Meza ya Bwana kitandani pake.

Jioni ile hakuna aliyekumbuka mlango wangu. Nilifuta kioo kwa kiganja, nikamwona dada anainua mkono kuelekea migomba, anamwelekeza mtu ni mkungu upi umeiva. Ningeweza kutokea upande wa usukani, au kugonga. Sikugonga. Nilikaa ndani mle, bega bado limekufa ganzi, nikashukuru, mpaka shemeji alipokumbuka akazunguka kuja kunifungulia.