Leseni ya Mashine Tano

Wateja ndio waliompa jina la Mama Chapa, na si kwamba alimpiga mtu. Alichapa barua za maombi, tasnifu na mikataba ya kupanga nyumba, huku anakutazama usoni na vidole vinajiendea vyenyewe. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kaunta iliyochubuka rangi na kompyuta mbili.

Siku programu yake ya kuandikia ilipogoma, mwalimu mmoja alikuwa amekaa mbele yake akisubiri tasnifu. Skrini ikatoa mstari mwekundu kwamba nakala hiyo si halali, na herufi zikakataa kusogea. Fundi aliyemwekea programu ile akaahidi kumletea nyingine ya bure.

"Ya bure imeniaibisha mbele ya mtu mzima," Mama Chapa akasema. "Safari hii nanunua."

Kununua nako kulikuwa na mambo yake. Bei ya duka la kwanza ilimkata maini. La pili walitaka alipe kila mwezi, akaona anageuzwa mpangaji ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Muuzaji wa tatu, mwanamke mcheshi aliyempata kwa simu, alikuwa na leseni ya kompyuta tano, unalipa mara moja yamekwisha, na ukigawa bei kwa mashine ilikuwa kama ya kutupa.

"Una wifi?" muuzaji akamwandikia, maana programu ilipakuliwa mtandaoni.

Mama Chapa akalitazama swali lile, kisha akajibu: "Ninaye, ila hatusemezani."

Simu ikaita papo hapo. Muuzaji alikuwa hoi kwa kicheko. "Dada yangu, nauliza mtandao!"

Naye akacheka, lakini baadaye akabaki anawaza. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na kompyuta tatu mtaa wa pili. Zamani walichapa pamoja katika chumba hikihiki, mpaka wifi alipotaka wahamie karibu na chuo na Mama Chapa akakataa katakata. Wifi akahama kimya kimya, na habari Mama Chapa akaipata kwa mteja. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

"Nenda wewe," alisema mumewe alipoombwa akazungumze na dada yake. "Mimi nina mke na nina dada. Nikifungua mdomo tu, nalala njaa au natengwa na ukoo."

Akaenda. Alimkuta wifi ameinamia printa, anavuta karatasi iliyokwama.

"Hodi."

"Karibu, mte..." Wifi akainua uso. "Karibu, wifi."

"Nimekuja kwa kazi," Mama Chapa akawahi kusema, kabla moyo haujamgeuka. "Programu yako inafanya kazi?"

Wifi akaigeuza skrini. Mstari mwekundu huo hapo. "Nawaambia wateja umeme unasumbua."

"Mimi nimesingizia virusi."

Wakacheka, kila mmoja akitazama pembeni. Mama Chapa akaeleza habari ya leseni, na sharti lake: iwe biashara moja, hata kama ina vyumba viwili.

"Yaani unataka nirudi kwako?"

"Sijasema urudi. Tuandikishe jina moja, kila mtu abaki kwake." Kisha akaongeza, "Ila ungeniaga, wifi."

Wifi akaikunjakunja ile karatasi mkononi. "Ningekuaga ungelia. Nami ningebaki."

Mama Chapa akavuta kiti.

Wakampigia muuzaji pamoja. Mama Chapa hakujua kubembeleza bei, lakini wifi alikuwa fundi wa kukaa kimya. Bei ikitajwa, anaguna tu. Muuzaji mwenyewe akaanza kuipunguza ili kuujaza ule ukimya, hadi akaomba asigunwe tena.

Ubishi ulibaki kwenye jina. Kila mmoja alitaka la kwake litangulie, na ilibidi wamwachie karani wa leseni za biashara achague, maana foleni nyuma yao ilikuwa imeanza kunung'unika. Programu ikaingia kwenye mashine zote bila matata, na mwalimu akapata tasnifu yake. Kazi za chuo zikizidi, wifi huleta nusu kwa Mama Chapa. Huja nazo mwenyewe, na haharakishi kuondoka.