Nywele za Wifi Yangu

Siku ya kwanza kule Saadani niliwakuta wanawake kumi na mmoja wamekaa mkekani nyumbani kwa kaka yangu, mlango umefungwa, na hakuna aliyetaka kuvua mtandio. Nilikuwa nimekuja na mkasi, uzi na bahasha kutoka maabara ninakofanya kazi, Dar es Salaam. Tulikuwa tunapima zebaki, kile kitu cha majimaji kinachong'aa kama fedha, ambacho wachimbaji wadogo hukitumia kunasia dhahabu, na ambacho hutoka pia kwenye moshi wa makaa ya mawe. Kikifika baharini kinaingia kwa samaki wadogo; wakubwa wanawala wadogo, na sisi tunawala wakubwa. Mwilini nywele ndizo zinazotunza habari zake. Kipande cha upana wa kidole kinaeleza karibu mwezi mzima.

Hayo niliyaeleza vizuri. Bibi mmoja akaniuliza, "Na zikishafika huko mjini, nani anazishika?"

Nilijua anachouliza. Kwetu nywele haziachwi ovyo. Unazitoa kwenye kitana, unazifukia, maana mwenye nia mbaya akizipata amekupata wewe.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alivua mtandio akanigeuzia kisogo. "Anza na mimi," alisema. Nikakata kifungu kidogo karibu na ngozi, nikakifunga uzi upande wa shina, nikaandika namba juu ya bahasha. Wengine wakaanza kusogea.

Nilikuwa kwa mtu wa nne mlango ulipofunguliwa. Kaka alikuwa ametoka kuvua, miguu imejaa mchanga. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Hakuitika.

"Nywele za mke wangu ziko wapi?"

Nikampa bahasha. Ningefanya nini? Aliishika, akaigeuzageuza, na wanawake wote wakawa wanamtazama yeye, si mimi. Nilijua akiondoka nayo na wao watadai zao.

"Majibu atayaleta nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Hata yakiwa mabaya?"

"Hata yakiwa mabaya."

Akanirudishia bahasha, akatoka.

Wiki sita baadaye majibu yalikuja kwenye karatasi, namba tupu bila majina. Ya wifi niliijua kwa moyo. Zebaki yake ilikuwa juu kuliko ya wote, mbali juu ya kiwango ambacho mjamzito hatakiwi kukifikia. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamwomba ruhusa ya kwenda Saadani. Akasema vipimo lazima virudiwe, na taarifa kwa kijiji itatolewa kazi yote ikikamilika.

"Itakamilika lini?"

"Miezi minne, mitano."

"Huyu atakuwa ameshajifungua."

Akaisoma tena ile karatasi, kisha akasema, "Rudia kipimo chake leo. Kikitoka vilevile, nenda."

Nilikaa mbele ya mashine ya kupimia nikiomba niwe nimekosea mahali fulani: nimechafua kijiko, nimebadilisha bahasha, chochote. Kikatoka vilevile.

Nilifika Saadani siku ya pili. Tulikaa watatu chumbani, na nikasema moja kwa moja, kwa sababu nilihofia nikizunguka sitasema. Nikamuuliza wifi anakula nini zaidi. Papa, akasema. Tangu mimba iingie samaki mwingine alikuwa anamtia kichefuchefu. Papa mkavu wa nazi ndiye aliyekaa tumboni. Na papa huyo alikuwa analetwa na kaka.

Kaka aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo nimemlisha sumu mwenyewe."

"Hukujua. Wala haikutoka hapa. Nyingine imetoka kwenye viwanda vya nchi za mbali vinavyochoma makaa ya mawe, imekuja kwa upepo na mvua."

"Hao wanaochoma hayo makaa," aliuliza, "na wao wanapimwa nywele?"

Wifi hakuuliza habari za makaa. Alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni. "Mtoto atakuwaje?"

"Sijui, wifi. Zebaki inaweza kuugusa ubongo wa mtoto, ikachelewesha mikono na masikio; huenda pia asidhurike kabisa. Lakini papa umwache kuanzia leo, na nguru mkubwa umwache. Kula dagaa, kula vibua."

"Vibua vinanitapisha."

"Basi tapika, ule tena," kaka alisema.

Alikula hivyo hivyo, akitapika, miezi miwili. Alipojifungua nilikata kifungu kingine. Zebaki kwenye sehemu ya karibu na ngozi ilikuwa imeshuka, si kama tulivyotaka, lakini ilishuka. Mtoto alikuwa wa kike, alilia vizuri, na uzito kwenye kadi ya kliniki ukapanda kila mwezi.

Sasa anatembea. Kila nikienda ninamrushia mpira wa matambara nione mkono wake unaufikia vipi, ninamwita nikiwa nyuma yake nione anageuka upesi kiasi gani. Safari iliyopita wifi aliniona, akamchukua mtoto akampakata.

"Wifi, unamtazama mwanangu kama bahasha. Njoo ukae ule."

Nikanawa mikono, nikakaa. Uani, papa wa kaka walikuwa wametandazwa juu ya uchanja, wanasubiri mnunuzi kutoka mjini.