Hali Nyama Wala Hanywi Maziwa, na Wafugaji wa Olenguruone Humtuma Yeye

Jua halijavuka msitu wa Mau na ukungu bado umelala kwenye mianzi. Micah arap Soi amepiga goti ukingoni mwa josho la Olenguruone. Anachovya fimbo ndefu yenye alama, anaitoa, anaisoma. Maji yamepungua. Anaongeza madebe mawili, anapima dawa ya kupe kwa kikombe cha bati, kisha anaimimina taratibu huku amegeuza uso asivute harufu yake.

Ng'ombe wa kwanza wanashuka mteremko. Arap Soi hana haja ya kuuliza ni wa nani.

"Huyo mwekundu mwenye pembe moja ni wa mama Chepkosgei," anasema. "Anaogopa maji. Sharti atanguliwe na dada yake."

Kweli, ng'ombe mwekundu anasita mlangoni, anarudi nyuma, na haingii mpaka mwenzake mweusi ajitose. Arap Soi anaandika alama mbili kwenye daftari lake. Kufikia saa nne wamekwisha kupita ng'ombe mia nne na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyepigwa fimbo.

Ndipo mkewe, Chepkurui, anapomletea chakula: viazi, maharagwe na turungi, chai isiyotiwa maziwa. Wafugaji waliokuja na mifugo wao wanakaa kwenye nyasi na kufungua vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando. Kibuyu kinazunguka mkono kwa mkono. Kikifika kwa arap Soi, kinamruka na kwenda kwa anayefuata, na hakuna anayeona ajabu.

Mtu huyu hali nyama. Hanywi maziwa, hata samli hatii kwenye chakula. Lakini kwa karibu miaka mitatu sasa yeye ndiye anayewasemea wafugaji wa hapa katika baraza la mifugo linalokutana Nakuru, na mwezi uliopita walimchagua tena.

Alizaliwa mwaka wa njaa, 1918, ndiyo maana wazazi wake wakampa jina la Kiprugut. Mama yake alimwambia kwamba maziwa ya ng'ombe mmoja ndiyo yaliyowaweka hai wote wawili. Arap Soi hulitaja jambo hilo kabla hajaulizwa, maana hataki mtu afikiri kwamba anayadharau maziwa.

Yaliyombadilisha yalimpata Subukia. Baada ya vita aliandikwa kazi ya kukamua katika shamba la Mzungu mmoja huko. Maziwa yote yalipelekwa kiwandani, na ndama dume hawakuwa na faida kwa tajiri. Kwa hiyo kila ndama dume aliuawa kwa nyundo siku ile ile aliyozaliwa. Kazi hiyo alipewa arap Soi, kwa sababu nyapara aliona kwamba mkono wake ni mtulivu.

Aliifanya kwa miaka mitatu. Nilimuuliza walikuwa wangapi.

"Sikuhesabu," akasema. "Mtu akihesabu kitu kama hicho, kesho yake hawezi kuamka kwenda kazini."

Asubuhi moja ya mwaka 1949 ndama aliyezaliwa alfajiri alisimama kwa miguu yake minne, akamfuata, akakishika kidole chake na kuanza kukinyonya. Nyundo ilikuwa katika mkono wa pili. Arap Soi hasemi kwamba alimwokoa. Aliifanya kazi yake siku hiyo kama siku nyingine. Alipofika nyumbani, Chepkurui alimpa maziwa, akayatia mdomoni, yakakataa kushuka. Hajayaonja tangu siku hiyo, wala nyama. Mwisho wa mwezi aliacha kazi.

Kwa Wakipsigis hilo si jambo dogo. Mgeni hukaribishwa kwa maziwa, na anayeyakataa ni kama amemkataa mwenye nyumba. Mama mkwe wake alidhani amerogwa. Chepkurui anakumbuka kwamba ndugu zake walikuja mara mbili kumshauri arudi kwao.

"Niliwauliza kama amenipiga, au amenilaza njaa," Chepkurui alinieleza. "Wakasema hapana. Nikawaambia basi hiyo si shauri yao. Maziwa yake wanakunywa watoto wangu, na wamenona."

Walihamia Olenguruone mwaka 1953 wakiwa na ng'ombe wawili. Arap Soi alifundishwa kazi ya josho, na leo hupata shilingi sabini kwa mwezi. Ng'ombe wake sasa ni watano. Watoto wanakunywa maziwa, lakini baada ya ndama kushiba, na fahali wake mkubwa ana umri wa miaka sita wala hana mpango wa kumuuza.

Mwishoni mwa mwaka 1956 wafugaji waliitwa uwanja wa josho kumchagua mtu wa kwenda Nakuru. Walikuwa na dai moja kubwa. Walitaka mnada na kichinjio vijengwe hapa hapa, kwa sababu kila aliyetaka kuuza ng'ombe alilazimika kumswaga karibu maili hamsini hadi Nakuru. Wanunuzi wa mjini walijua kwamba mchungaji hawezi kurudi na mnyama aliyechoka. Walimpa bei waliyoitaka wao.

Jina la arap Soi lilipotajwa, Mzee Kipketer, ambaye naye alikuwa ametajwa, alisimama. Kipketer ana ng'ombe sitini na wanne, na hakuna aliye na zaidi yake upande huu. Aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Je, mtu asiyeweza kuitazama nyama ataombaje kichinjio? Si atafika mbele ya wakubwa na kuusema moyo wake mwenyewe, kisha arudi kutuambia kwamba wamekataa?

Arap Soi hakujitetea. Alisema swali ni la haki, na wakiona afadhali mtu mwingine hatakasirika.

Aliyemjibu Kipketer ni Chepkosgei, mjane mwenye ng'ombe watano, yule mwenye ng'ombe mwekundu. Aliwakumbusha kwamba mjumbe waliyekuwa naye zamani alilishwa mbavu mjini na kurudi bila neno. "Huyu hahongwi nyama, wala hahongwi ndama," alisema. "Watamhonga nini? Viazi?"

Watu walicheka, kisha wakapanga mistari nyuma ya watu wao. Wa arap Soi walikuwa themanini na watatu, wa Kipketer sitini na mmoja.

Kipketer hakuridhika. Februari iliyofuata alikuwa na maksai tisa wa kuuza, na alimtaka mjumbe mpya afuatane naye njia yote aone kinachoombwa. Arap Soi aliomba ruhusa kazini, akaenda. Kabla ya kuondoka alizungusha kamba kwenye kifua cha kila maksai na kutia fundo pale ilipokutana.

Walitembea siku tatu, wakapitia Keringet na Elburgon, kisha Njoro. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na nyaya za mashamba, na maji yalikuwa upande wa pili wa nyaya. Siku ya tatu, karibu na Njoro, maksai mmoja mweupe alilala barabarani, na walipomwinua alilala tena. Ilibidi achinjwe palepale na nyama yake iuzwe kwa wapita njia.

Nilipomuuliza Kipketer habari za siku hiyo, alijibu akitazama ng'ombe wake. Mweupe yule alikuwa amezaliwa boma lake, na alihitaji mtu wa kumshika kichwa. Alidhani arap Soi atakwenda kusimama mbali.

"Alikaa chini, akakipakata kile kichwa miguuni pake," Kipketer alisema. "Akakifunika macho kwa kiganja. Akaniambia, sasa, mzee, fanya upesi. Mimi nina miaka sitini na mbili na ng'ombe ni kazi yangu. Sijaona mtu akimshika ng'ombe namna ile."

Nakuru, maksai wanane waliobaki walinunuliwa kwa shilingi mia moja na ishirini kila mmoja. Arap Soi aliwazungushia kamba zao tena kabla hawajachukuliwa, akatia fundo la pili.

Baraza lilikutana mwezi wa Juni. Arap Soi alivaa koti la kuazima. Alipokwisha kulisoma dai la wafugaji, mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe mjini, aliomba nafasi ya kusema. Alisema amesikia kwamba mtu huyu hali nyama wala hanywi maziwa. Wafugaji, alisema, wametuletea mtu asiyekuwa mfugaji. Kisha akamgeukia arap Soi na kumuuliza kama yeye mwenyewe, kwa moyo wake, angependa kichinjio kijengwe Olenguruone.

Waliokuwamo chumbani wanasema mwenyekiti aliweka kalamu chini ili asikie jibu.

Arap Soi ananiambia kwamba alijua anaweza kusema ndiyo na kuyamaliza. Lakini siku ile ya mistari aliahidi kutosema uwongo mahali popote kwa jina lao.

"Mimi mwenyewe sitaki," alijibu. "Ningekuwa nasema kwa ajili yangu, hakuna ng'ombe angechinjwa. Lakini mimi sikujituma. Wamenituma watu mia moja arobaini na wanne, na wao wanataka. Kama mnataka kujua napenda kula nini, njoni nyumbani kwangu. Kama mnataka kujua wanataka nini, nimekwisha kuwasomea."

Kisha alifungua mfuko, akatoa kamba nane na kuzitandaza mezani. Alieleza kwamba fundo la kwanza ni kifua cha maksai akiondoka Olenguruone, na la pili ni kifua chake akifika Nakuru. Katika kila kamba nafasi kati ya mafundo ilizidi upana wa vidole vitatu. Aliweka kamba ya tisa peke yake. Hiyo ilikuwa na fundo moja tu.

Mwenyekiti alizipima kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Dai lilikubaliwa.

Mnada wa Olenguruone ulifunguliwa Aprili mwaka jana, pamoja na mizani na kichinjio cha saruji chenye bati. Ng'ombe huuzwa kila Alhamisi. Maksai aliyepata mia na ishirini mjini sasa hapungui shilingi mia mbili. Chepkosgei aliuza mmoja, akanunua mabati ya nyumba yake, na kila mgeni anayepita huonyeshwa mabati hayo.

Siku ya ufunguzi watu waliulizana kama mjumbe wao atakanyaga mahali pale. Alikuja mapema kuliko wote. Alikagua zizi la kusubiria, akakuta hakuna maji, akakataa kazi ianze mpaka yaletwe. Ng'ombe walipokunywa na kupumzika, aliondoka kwenda joshoni kwake. Hivyo ndivyo afanyavyo kila Alhamisi, na wachinjaji wamezoea. Yakikosekana maji wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa bwana mifugo.

Nilimuuliza kama moyo haumsuti. Alisema humsuta. Yapo majuma ambayo Alhamisi hali chochote mpaka jioni. Lakini alisema pia kwamba hakuna tena ng'ombe anayelala barabarani karibu na Njoro, na kwamba jirani zake hawakumpa kura ili awageuze wawe kama yeye.

Uchaguzi wa mwezi uliopita haukuwa na mistari miwili. Kipketer ndiye aliyelitaja jina lake, na hakuna aliyeongeza jina jingine.

Sasa wafugaji wana dai jipya, na hili linamgusa arap Soi mahali pabichi zaidi. Wanataka kiwanda kinunue malai ya maziwa yao kama kinavyonunua ya Wazungu. Jumanne ijayo atapanda lori kwenda Nakuru kulipeleka.

Kabla ya kukubali aliwaita wote joshoni na kuwasimulia habari za Subukia, jambo ambalo mpaka siku hiyo alilijua mkewe peke yake. Alieleza yote, nyundo na kidole. Kisha akawaomba, siku maziwa yatakapokuwa na bei, wasifanye kama alivyofanya yeye, bali ndama dume waachwe wanyonye wakue. Mtu mmoja aliuliza itakuwaje wakikataa. Alijibu kwamba dai atalipeleka vilevile, kwa nguvu zile zile.

Hawakupiga kura juu ya ombi hilo. Waliondoka na ng'ombe wao. Lakini jioni Kipketer alipita nyumbani kwa arap Soi kumwambia kwamba ana ndama dume saba, na kwamba ameagiza zizi lao lipanuliwe.

Ninapomuaga, arap Soi anafunga lango la josho kwa mnyororo. Namuuliza anatumaini nini kuhusu Jumanne.

"Natumaini watakubali," anasema. "Mwanangu wa kwanza, Jonah, anataka kusoma udaktari wa ng'ombe. Nikirudi na jibu zuri, watu wa hapa wataweza kuwasomesha watoto kwa maziwa. Mimi nitakunywa turungi yangu, na nitafurahi pamoja nao."