Kiingereza cha Maji ya Mto

Nilipoanza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, kiwanda cha kahawa kule juu kilikuwa kimeshaharibu mto wetu. Kila msimu wa kuvuna walimwaga maganda ndani, na sisi wa chini, karibu na Nyakoe, tukachota maji ya rangi ya chai iliyolala, yananuka kama pombe. Nilichemsha, bado yakanuka. Kitindamimba wangu aliharisha mpaka akabaki macho tu.

Tulikuwa tumeenda kulia kwa mzungu wa ofisi ya maji pale mjini Kisii. Tuliongea sana, karani wake akamtafsiria kwa maneno mawili, mzungu akatabasamu, tukarudi. Ndipo kina mama wakaniambia, "Wewe unasoma. Jifunze umwambie mwenyewe."

Mwalimu wa ngumbaru alipenda mambo ya hali ya hewa. Kila jioni alitutoa nje tutazame mbingu upande wa vilima vya Manga. Ikiwa safi, "clear." Ikiwa na mawingu, "cloudy." Ikifunga kote, "overcast."

Nikamwambia, "Mwalimu, mbingu nimeijua. Nipe ya maji."

Akacheka, lakini akanipa. "Muddy" ni maji ya tope. "Murky" ni yale ukiingiza mkono huuoni. Hata "cloudy" inafaa, akasema, kama maji yana ukungu. Maneno hayo niliyasema nikipalilia, nikayasema nikikamua ng'ombe, mpaka mama mkwe akachoka.

"Mokamwana, mke wa mwanangu, hicho Kiingereza kinatibu tumbo?"

"Kitawafanya waache kumwaga, mama."

"Haya. Mimi nifue nepi, wewe soma mawingu."

Ijumaa nilichota mapema maji ya Sabato, maana ikishaingia jioni hatuchoti, nikajaza na chupa moja, nikaenda mjini kwa miguu. Karani alitaka kuingia na mimi, nikamkatalia. Nilisimama mbele ya meza ya mzungu, nikainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba maji yetu ni "murky," zamani yalikuwa "clear," na mtoto wangu ni mgonjwa.

"Murky!" Akaketi wima. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikaongeza "muddy," nikaongeza "cloudy," nikidhani wanapima ubaya wa yale maji. Wakaangaliana, wakafurahi. Mwenzake akauliza nimesomea wapi, akasema Kiingereza changu ni kizuri sana. Chupa hakuna aliyeigusa. Nikasema tena habari ya mtoto. "Yes, yes, very good," mzungu akajibu, akanipa mkono wa kwaheri.

Karani alikuwa ananingoja mlangoni. "Sasa mama, umesaidiwa? Si ungeniacha tu nikusemee?"

Nilimpita, nikashika njia ya nyumbani na chupa yangu.

Nyumbani nilikuta kina mama wamekaa mtoni na mitungi yao mitupu. "Amesema nini?"

"Amesema ninajua Kiingereza."

Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinuka, akatumbukiza mtungi wake, maana jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia. Wengine wakamfuata.

Nilifunga, nikaomba. Hata leo naomba, sijamwacha Mungu. Lakini mavuno yalikuwa hayajaisha, kahawa bado iko kwenye miti, mtoto aliponifia mikononi. Mama mkwe alinishika bega. Maji ya kumwosha tulichota pale pale.