Mistari ya Mkaa

Nikisikia harufu ya mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za michikichi, moyo hunienda mbio kana kwamba kuna kitu nimesahau kukifanya. Mnivumilie, ukurasa huu nimeuanza mara sita.

Mafuta hayo mama alimpaka bibi, mama yake baba, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Ilibidi ageuzwe kutwa nzima ili ngozi isichubuke. Baba alikuwa kambi ya uvuvi, akirudi mbalamwezi tu, dagaa wasipovuliwa. Mama alimgeuza bibi peke yake, na kila akisimama alishika kiuno.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha jioni, na ushirika ukamwita kupokea dagaa kwenye mizani, mwaloni Ujiji, pale mitumbwi inapoegeshwa. Siku saba za majaribio. Asipokosa hata moja, kazi ni yake. Wanawake walioanika dagaa mchangani walimpigia vigelegele, wakimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Bwana Karani wa kanga mbili!"

Mama alicheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni.

Bibi nikaachiwa mimi, binti wa miaka tisa. Kwa kuogopa kukosea nilishindwa hata kula. Nikachora mistari mitatu ya mkaa sakafuni, pale mwanga wa dirisha ulipofika kila mama alipomgeuza. Mwanga ukigusa mstari, namgeuza. Bibi akaniita "saa yangu". Siku sita sikukosea, na nilijivuna kuliko jogoo.

Siku ya saba mawingu yalitoka upande wa Kongo yakalifunika ziwa. Mwanga haukuja. Nami, mjinga wa mistari yangu, nikangoja. Radi ilipopiga ndipo nilipozinduka, nikamvuta bibi kwa pupa, akateleza kutoka kitandani hadi chini.

Sikuweza kumwinua. Majirani wote walikuwa mwaloni wakiwaokoa dagaa wao kabla ya mvua. Nikakimbilia mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwita mama."

"Usithubutu! Niache hapa. Sakafu ina ubaridi, nimeutamani siku nyingi. Lete mto, kaa, nihesabie radi."

Nikakaa. Tulihesabu radi, kisha mbu, kisha vijukuu ambao ningemzalia. Alinichekesha mpaka nikaamini kweli kwamba alikuwa anaburudika.

Mama aliingia jioni ameloa, anacheka. Kazi ameipata. Kisha akatazama chini. Alimwinua bibi peke yake, nikasikia mgongo wake mwenyewe ukilia kama kijiti kinachovunjika. Nyonga ya bibi ilikuwa imechubuka nyama. Sikuchapwa. Mama alipasha mafuta tu.

Asubuhi alikwenda ushirika, akarudi upesi, bila kalamu.

"Nimewaambia watafute mwingine, mama," alimwambia bibi.

Bibi, ambaye hakutoa chozi kutwa nzima pale sakafuni, aligeuzia uso ukutani akalia kwa sauti.

Nimekuwa mtu mzima sasa. Niliacha shule mapema. Nimejifundisha kuandika kwa vitabu vya kisomo vya mama, na mgongo wake haujanyooka tena tangu miaka ile. Mpaka leo nashangaa jinsi mwanamke asiyeweza kujigeuza alivyojaribu kumbeba mkwewe.

Lakini asubuhi ile nilidhani analilia kidonda. Nikalikimbilia kopo la mise, nikampaka nyongani taratibu, bila kuruka hata mahali padogo, nikimwuliza kama panapoa.